Dawa ya Kila Mgeni

Kwa akina mama wa kanisa lao kule Kiplombe, hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na sheria hiyo aliitunga Waiyego mwenyewe. Zamani walikuwa wanabeba sukari na mkate. Kisha Waiyego, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa akiwa mwenyekiti, akasema mgonjwa anaumwa, hana haja na sukari, kwa hivyo kila kundi liongeze na kitu cha kumtuliza maumivu. Tangu hapo ikawa hivyo. Mnafika watatu watatu, mnaimba wimbo mmoja, mnaomba, halafu mgonjwa anameza vidonge viwili na chai mkimwona kwa macho yenu. Kukataa kumeza kulionekana kama kukataa yale maombi, na nani angetaka kusemwa hivyo?

Basi Chepngetich alipoumwa na jino, akina mama walijipanga.

Chepngetich alikuwa jirani wa Waiyego kwa miaka ishirini. Yeye na ng'ombe sita wa maziwa, Waiyego na kiduka kando ya barabara, na katikati yao ua wa miti ambao ulikuwa na tundu la kupitia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kuzunguka mpaka langoni. Chepngetich alimwita mwenzake "Mwenyekiti" hata akija kuomba chumvi. Waiyego naye alimwita "Mama Linet" wakipatana, na "wewe Chepngetich" wakikosana, na mara nyingi aliyatumia yote mawili kabla ya chai ya saa nne.

Gego lilianza kumsumbua Ijumaa alasiri, alipotafuna hindi la kuchoma lililokuwa gumu kama kokoto. Waiyego alimwambia aende kwa daktari wa meno mjini.

"Nimezaa watoto wanne na sikupiga kelele hata moja," Chepngetich akasema, shavu limefura. "Lakini mtu aingize koleo mdomoni mwangu? Hapana. Hilo Mungu hajaniambia."

Waiyego alicheka, akarudi dukani kwake kupitia tundu la ua, na jioni hiyo hiyo akapanga makundi manne ya kwenda kumwona siku ya Jumamosi. Kundi lake liliwekwa mwisho, maana mwenyekiti hufunga.

Walifika saa saba mchana. Alikuwa na Virginia, ambaye maombi yake marefu yalijulikana mpaka sokoni kule Ziwa, na Nakhumicha wa kwaya, aliyeanzisha wimbo tangu wakiwa bado mlangoni. Chepngetich alikuwa ameketi kwenye kochi, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini.

"Karibuni, karibuni. Mwenyekiti, umekuja kuona kama nimekufa?"

"Ningejua umekufa ningevaa viatu vizuri."

"Hata hivyo viatu vya leo si vibaya. Ni vya nani?"

"Usimchekeshe," Virginia akasema, "ataumia."

"Wala siumii sana," Chepngetich akasema. "Nimetulia. Wale mama wa asubuhi wamenitunza vizuri. Sasa hata uji nimekunywa."

Chai ikamiminwa. Virginia akatoa pakiti mkobani, akang'oa vidonge viwili, akamwekea Chepngetich kiganjani, kisha akawaambia wote wafumbe macho.

Aliombea jino. Aliombea ufizi. Akaombea ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi yake, na Gideon, mume wa Chepngetich, ili apate hekima ya kufunga geti. Akaanza safari ya kuwaombea madereva wa barabara ya Timboroa, na Waiyego akajua bado wako mbali na Amina.

Hapa lazima isemwe kwamba Waiyego ndiye aliyewahi kumkemea Nakhumicha mbele ya watu kwa kufungua macho wakati wa maombi. Lakini maombi yalikuwa marefu. Akafungua jicho moja, kidogo tu. La pili likafuata lenyewe.

Mbele yake palikuwa na meza, na nyuma ya chupa ya chai zilikuwa zimelazwa karatasi za vidonge, zile walizoacha wageni. Waiyego hakusoma mbali, darasa la saba tu, lakini alichosoma alikisoma vizuri, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa chumvi. Akasoma. Karatasi ya kwanza ilikuwa na jina kubwa jekundu. Ya pili ilikuwa ya dawa ya mafua, imechorwa mtu na leso. Ya tatu ilikuwa ya vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na jina lake lilikuwa refu la kujivunia. Chini ya kila jina palikuwa na herufi ndogo, na Waiyego akainama ili azione. Paracetamol. Paracetamol. Na kwenye ya mafua, katikati ya maneno mengine mawili asiyoyajua: paracetamol.

Ni kama mtu mmoja amekuja kubisha hodi mara tatu, kila mara na koti lingine, na kila mara anakaribishwa na chai.

Akageuza polepole ile pakiti ya Virginia iliyoachwa kwenye kochi. Aliijua, imetoka kwenye rafu ya duka lake mwenyewe. Neno lilikuwa lile lile.

Akageuka kumtazama mgonjwa.

Chepngetich, macho yamefumbwa kwa unyenyekevu, alikuwa tayari amekishika kikombe kwa mkono mmoja na vidonge kwa mwingine, akingojea.

"...na wale wenye malori, Baba, na wale wenye trekta..."

"Amina!" akasema Waiyego.

"Amina," akaitikia Nakhumicha kwa mazoea.

Virginia alifungua macho kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mwenyekiti! Sijamaliza."

"Mungu amesikia, Virginia, hata ya trekta. Mama Linet, weka hivyo vidonge chini."

"Kwani vimefanya nini?"

"Viweke chini kwanza. Leo umemeza mara ngapi?"

Chepngetich akamtazama akidhani ni mzaha. Alipoona uso wa mwenzake, akaanza kuhesabu kwa vidole. Wageni wa saa tatu walimpa viwili. Wa saa nne na nusu, viwili vya mafua, kwa sababu walisema jino linaweza kuwa ni baridi. Wa saa sita, viwili vya maji, vitamu kama soda.

"Hivyo ni sita," akasema Nakhumicha.

"Na vyangu."

"Vyako vipi?"

"Si jana jioni nilikuwa naumwa? Nilimeza viwili. Nikalala na viwili. Asubuhi kabla ya kukamua nikameza viwili na maziwa. Lakini hivyo ni vyangu vya nyumbani, havihusiani na vya wageni."

"Tumbo lako linajua vya nyumbani na vya wageni?" Waiyego akauliza. Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyotaka. Kumi na viwili, na Virginia angevifikisha kumi na vinne.

Akampigia simu Kimeli, kijana mwenye duka la dawa karibu na soko, akaweka simu kwenye spika juu ya meza.

"Mama Waiyego, habari ya..."

"Kimeli, salamu baadaye." Akamweleza yote, akamsomea na majina ya pakiti, moja baada ya nyingine.

Kimeli akayaandika. "Hiyo yote ni dawa moja, Mama. Majina ni ya kampuni, dawa ni ile moja. Mtu mzima anameza viwili, angoje angalau muda wa saa nne, na kwa mchana na usiku asipite vinane. Yeye amemeza kumi na viwili, na hata siku moja haijaisha. Anajisikiaje?"

"Najisikia vizuri!" Chepngetich akapaza sauti. "Hata jino limepungua!"

"Hapo ndipo hii dawa hudanganya watu, Mama Linet. Ikizidi inaumiza ini, na ini halipigi kelele siku ya kwanza. Unaweza kuwa unacheka leo, halafu kesho kutwa unaanza kutapika na macho kugeuka manjano, na hapo tumechelewa. Msingoje dalili. Nendeni hospitali saa hii, na mbebe hizo karatasi zote."

Gideon alikuwa ameingia na buti zake za zizini. "Kama ni hivyo," akasema, "asimeze hizo tena. Nimpe zile zangu za mgongo?"

"Hapana, Mzee!" Sauti ya Kimeli ilitetemesha simu juu ya meza. "Zile zako zinachoma tumbo, na uliandikiwa wewe. Asimeze kitu kingine chochote. Washa gari."

Gideon akatoka mbio kwenda kuondoa mitungi ya maziwa kwenye pikapu. Lakini Chepngetich hakuinuka.

"Siendi."

"Wewe Chepngetich."

"Nikifika pale, daktari atasema fungua mdomo. Nikiufungua, atauona. Mnaona mnavyonipeleka? Mnanipeleka kwa koleo kwa kupitia mlango wa nyuma." Akajaribu kucheka. "Nitakunywa maziwa mengi. Maziwa yanasafisha. Kisha nyinyi endeleeni na maombi, Virginia alikuwa amefika kwenye matrekta."

Virginia alitaka kujibu, Waiyego akamshika mkono. Akaketi kwenye kochi, karibu kabisa na rafiki yake, magoti yakagusana. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya akina mama kutoa sheria, na hakuwahi kuketi ili aifute hata moja.

"Mama Linet, hii sheria ya vidonge ni yangu. Sikumwuliza daktari, sikumwuliza hata Kimeli. Niliona ni upendo, basi. Hii pakiti ya Virginia imetoka dukani kwangu, niliuza bila kuuliza inaenda wapi. Wewe ulimeza kwa sababu uliona haya kutukataa. Sasa ukiniachia hatia hii, ukakaa hapa unywe maziwa, na ini lako likafa, mimi nitapita wapi nikija kwako? Kwenye lile tundu? Nimkute nani upande huu?"

Chepngetich akakiweka kikombe chake mezani.

"Utashika mkono wangu wakati wa sindano?"

"Nitaushika."

"Na usimwambie daktari kuhusu jino."

"Chepngetich, umefunga kichwa chote kwa kitambaa. Ana macho."

Hospitalini walimkuta daktari mmoja mpole aitwaye Ogola. Alizipanga karatasi mezani, akazisoma, akaandika saa ambayo kila vidonge viwili vilimezwa. Kisha akauliza, bila ukali, ni nani aliyempa mgonjwa dawa hizi zote.

"Ni mimi," akasema Waiyego.

"Zote?"

"Makundi yalikuwa manne, lakini ni mimi."

Damu ikatolewa, na Chepngetich akauminya mkono wa Waiyego mpaka pete ikaacha alama. Ogola hakungoja majibu. Alimwanzishia dripu ya dawa ya kulinda ini, akasema ni heri kuianza mapema kuliko kuomba samahani baadaye. Jumapili asubuhi majibu yalisema ini halijaumia. Wakapima tena alasiri, ili wawe na hakika, na majibu yakawa yale yale. Waiyego aliyapokea kwa simu, akasimama wima katikati ya duka akashukuru kwa sauti, na mteja aliyekuja kununua kiberiti akalazimika kungoja.

Asubuhi ya Jumapili hiyo kanisani, wakati wa matangazo, Waiyego alikuwa amesimama mbele ya watu. Alisema sheria ya vidonge imekwisha. Mtu akienda kumwona mgonjwa abebe mkate, na mgonjwa akiulizwa ni dawa gani anameza, aonyeshe pakiti, watu wasome yale maandishi madogo, yale makubwa hayasemi kitu. Na dawa za mafua zihesabiwe na zingine, maana nazo hubeba dawa ile ile tumboni. Alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma akauliza kama maombi nayo yatapunguzwa. Kanisa likacheka, na Virginia akageuka kuona ni nani.

Ogola naye alikuwa na macho, na Jumatatu daktari wa meno aling'oa lile gego. Chepngetich alipiga kelele mara moja, na hiyo, alisema Gideon, ilikuwa kabla koleo halijamgusa. Waiyego alipofika wodini alimkuta ameketi kitandani, mdomo umejazwa pamba, na sista wa wodi ameagiza kwamba asiseme neno lolote kwa saa nzima, na dawa yoyote ya maumivu aipokee kutoka mkononi mwake peke yake.

Kwa miaka ishirini Waiyego hakuwahi kupata nafasi kama hiyo. Akavuta kiti.

"Nisikilize, kwa maana leo huwezi kunijibu. Nimekosa. Nilitaka watu waone kanisa letu linapenda wagonjwa, na nadhani nilitaka waone na mwenyekiti pia. Jumamosi nilipoisoma ile karatasi nilimwona Linet amesimama kwenye kaburi, nikajiona mimi nimesimama nyuma yake na sukari. Sijalala vizuri tangu hapo. Unisamehe. Na kama hutanisamehe, basi unisamehe taratibu, nitangoja. Tena nilikuita mkaidi kwa watu wengi, na ni kweli, lakini ukaidi wako nimeuzoea, sijui ningefanya nini bila huo. Na yule ng'ombe wako mwekundu amekula kabichi zangu tatu leo, sikumpiga..."

Chepngetich aliinua kidole. Akatoa simu chini ya blanketi, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, taratibu sana, uso umekunjwa kama mwanafunzi wa mtihani. Waiyego akangoja. Simu yake ikalia mkobani, akaitoa, akasoma.

*Unaongea sana. Endelea.*