Majina Thelathini na Moja ya Mutuini

Mutuini nzima ilijua kwamba Kalekye alimwahidi mwenzake Peres, siku tatu kabla hajafa, kuwa jina lake litasomwa hadharani. Peres ndiye aliyewapa akina mama sebule mwaka wa tisini, enzi zile watu wakikutana bila kibali ni kesi. Walidai vijana wao waliozuiliwa waachiliwe. Wakabebwa na polisi wote thelathini na mmoja. Peres aliingia rumande na mimba, akatoka na Maurine mgongoni.

Jumamosi ya kumbukumbu ya akina mama hao Maurine alikuja mapema kutoka Uthiru, kitenge kipya, akakaa mbele. Saa tano akaambiwa arudi nyuma, viti hivyo ni vya wageni. Sisi tulikuwa nyuma tayari, na nyuma ndiko kuna habari: aliyelipia hema anataka kiti cha wadi, mke wake wa pili ameshafika, na wa kwanza yuko njiani.

Mheshimiwa mbunge aliingia saa tisa. Watu wakahutubu kuhusu barabara, kuhusu basari, kuhusu mheshimiwa. Kalekye alikuwa amempa emsii wa sherehe, kijana anayeitwa Kibe, karatasi ya majina, akamkumbusha mara mbili. Kibe alipoishika, Maurine akajiweka sawa kitini.

"Kwa sababu ya muda," akasema Kibe, "mashujaa wetu tunawatambua kwa pamoja. Itifaki imezingatiwa."

Makofi. Chakula kikatangazwa.

Kalekye akamfuata jukwaani, akamwambia majina hayo hayamalizi dakika tatu.

"Shosh, wageni wana njaa."

"Peres alikaa na njaa siku tisa rumande."

Kibe akamrudishia karatasi, maikrofoni akabaki nayo. Basi Kalekye akasimama katikati ya uwanja akaanza kusoma kwa sauti yake ya miaka themanini, foleni ya pilau ikimpita. Maurine akasogea asikie. Tukasogea na sisi, watu saba hivi. Tulipowaomba wengine wanyamaze, wakatuambia tuwe na subira, nyama ipo ya kutosha.

Kalekye alipoinua macho kumtazama Maurine, nikajua amefika kwa Peres. Hapo spika zikavuma. Kibe alikuwa anamtafuta mwenye gari jeupe lililomfungia mheshimiwa njia. Akasoma nambari ya gari herufi moja moja, polepole, kisha akairudia, asije mtu akasema hakusikia.

Maurine akanigeukia akaniuliza kama mamake ameshasomwa. Nikamwambia Kalekye atarudia. Alijaribu. Sauti ilikuwa imekwisha.