Chumba cha Watu Wawili

...na kosa lenyewe lilikuwa neno moja tu, neno la Kiingereza lililomponyoka pale mwanamke mmoja, dalali wa vyumba vya wageni mwenye kadi mkononi, alipomsimamisha pembeni mwa uwanja wa mji na kumuuliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama anatafuta chumba, naye Nerida, badala ya kumjibu kwa Kispania kama mtoto wa mji huu wa Trinidad aliyezaliwa mitaa mitatu kutoka hapo, akamjibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba ndiyo, anatafuta, na ndiyo ikishatoka hairudi, sasa ameketi kwenye kizingiti cha dirisha la watu, begi limeegemea goti, gurudumu moja limekwisha kuliwa na mawe ya njia, na mwanamke huyo, Yusimi, jina limeandikwa kwenye kadi kwa herufi za kujionyesha, anawapigia simu wenye nyumba mmoja mmoja huku akimsema mbele yake kama mbuzi wa mnadani, "mmoja, ndiyo, mwanamke, hapana, hana mume, hana mtu, ana begi tu"... hana mtu, ana begi tu, na hiyo ndiyo habari yake yote kwa ufupi, angekaa mwaka mzima asingeipata vizuri zaidi. Laiti angemkatiza palepale, angesema samahani dada, mimi ni wa hapa, lakini kila dakika inayopita inaufanya uongo unenepe, na mwenye haya kama yeye huona bora apotee kwenye mji wake mwenyewe kuliko kusema nilikosea, ndivyo alivyo, mama alikuwa akimwambia, wewe Nerida utazama majini kwa kuona haya kupiga kelele. Na ni viatu, viatu ndivyo vilivyomchongea, viatu vya Kanada vyenye soli nene kama mkate, kwa maana sura yake haijabadilika kiasi hicho, au imebadilika? Amezunguka eneo hili mara mbili tangu basi limshushe, mara mbili na begi, amepita mlango wa muuza mkate, amempita mzee mwenye kizimba cha ndege mkononi aliyempungia kwa heshima wanayopewa wageni, na hakuna hata mmoja aliyesema wee, si wewe binti wa Benita?

Mara mbili na begi... hapa mtu huzunguka mtaa na begi mara moja kwa mwaka, Desemba thelathini na moja, wale wanaotaka mwaka mpya uwape safari, wanatoka na begi tupu, wanazunguka nyumba zote hadi wanarudi mlangoni kwao, na majirani wanacheka na kuwamwagia maji, na yeye alizunguka miaka sita mfululizo na lile begi la mbao la babu, zito hata likiwa tupu, na aliyeshika upande wa pili wa mpini alikuwa Eloina, dada yake, Eloina ambaye hakuwahi kutaka kwenda popote, hata Cienfuegos, mji wa jirani, alikuwa akienda kwa kulazimishwa, alishika tu ili Nerida asiumie mkono. Basi begi likasikia, safari ikaja, miaka ishirini na miwili sasa, Nerida akaenda kutandika vitanda vya hoteli kwenye mji wa baridi, na Eloina akabaki na mama, na mama alipofariki karatasi za Nerida zilikuwa zimekwama ofisini, angetoka Kanada asingeruhusiwa kurudi, alilieleza hilo kwenye simu mara tatu na mara zote tatu lilisikika kama kisingizio, hata masikioni mwake mwenyewe, na Eloina hakupiga kelele, afadhali angepiga, alisema polepole, "Sawa. Siku ukija, utakuja kama wageni wengine. Kengele ipo mlangoni, utaipiga." Akakata. Miaka mitatu imepita, hakuna aliyempigia mwenzake, na leo amekuja bila kusema, na mlango ameshaupita mara mbili, rangi mpya ya kijani, nanga ya buluu imebandikwa juu kama kwenye kila nyumba inayopangisha wageni, na kengele kweli ipo, kengele ya shaba, ndogo, na mkono wake haukuinuka.

"Kwa Hortensia pamejaa," Yusimi anamwambia kwa sauti kubwa, kama kwamba Kispania kikipayukwa hugeuka kuwa Kiingereza, anafungua vidole vyote na kuvifunga, pamejaa, "na kwa yule mwingine bomba limekufa, utaoga kwa kikombe, hupendi, najua hupendi, ngoja," naye Nerida anatikisa kichwa kijinga na kutabasamu, tabasamu lilelile la kwenye korido za hoteli, la kumpisha mgeni mwenye taulo, na moyoni anasema niache basi nilale popote, nipeleke kwa mtu nisiyemjua, chumba chenye kitanda na ukuta, kesho nitapanda basi nirudi zangu, nani atajua kwamba nilikuja? Hakuna. Hilo ndilo linalomwuma, kwamba hakuna. Kwa maana haogopi kufukuzwa, Eloina hafukuzi mtu, hata paka wa jirani alikuwa akiombwa atoke, anachoogopa ni kukaribishwa, anaogopa mlango ufunguke na Eloina amtazame, amtambue, halafu aamue, kwa ile adabu yake baridi, kumpa glasi ya ndimu na asali kwenye sinia na kusema karibu sana, bafu liko huku, kifungua kinywa saa mbili, na kumfungulia chumba cha mbele, chenye dirisha la vyuma linalotazama njia, chumba chao, walicholala wawili kitanda kimoja tangu utotoni, na kumkabidhi ufunguo. Ufunguo, kwao.

Kumbe alichokitaka, alichokipanga kwenye ndege saa zote zile, ni kile kitanda cha kukunja tu, pimpampum, kila nyumba ya hapa inayo moja nyuma ya kabati, jina limetokana na makelele yake, pim mguu wa kwanza, pam wa pili, pum kinapokaa sakafuni, chenye turubai lililolegea katikati na chuma kinachokata mbavu, na kwao ilikuwa sheria ambayo hakuna aliyeiandika, mgeni wa kweli, daktari aliyetumwa kutoka Havana au mpima ardhi, alipewa kitanda na shuka ya mama iliyotariziwa kwa kuchomolewa nyuzi, lakini ndugu, awe mjomba, awe binamu aliyegombana na mkewe, alipewa pimpampum ukumbini na blanketi la kunuka dawa ya nondo, na hakuna aliyelalamika, ungelalamika ungekuwa umejitoa mwenyewe kwenye ukoo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Nerida anataka jembe tangu siku ya kwanza, anataka mgongo umwume, anataka asubuhi Eloina apite akikipiga teke kitanda na kusema amka, unaziba njia ya jikoni. Alikuwa ameshayaandaa maneno, angesema nitalala pimpampum, usijisumbue, na katika hayo mengine yote yangekuwa yameshasemwa, nisamehe, na mama, na simu ile... Lakini maneno hayo yanahitaji kengele ipigwe kwanza, na yeye yuko hapa kizingitini, Mkanada, kimya.

"Eloina, shoga," anasema Yusimi, na Nerida anashtuka mpaka begi linateleza kwenye goti, anaishika simu ile kwa macho, simu mbovu isiyosikika sikioni kwa hiyo kila kitu kinatokea nje, na nje inatoka sauti, nzito kidogo kuliko zamani, imekuwa sauti ya mama, Mungu wangu, ni mama kabisa. "Sema haraka, nina maharagwe motoni." "Una nafasi?" "Cha mbele kipo. Vya nyuma wamo Wajerumani." "Nina mmoja hapa, Mkanada, haongei, ameketi tu kama amefiwa." "Labda amefiwa kweli, mwache." "Ana viatu vizuri." "Wewe na viatu, Yusimi, siku moja utaniletea jambazi kwa sababu ya viatu." Nerida anacheka, kicheko kinatoka puani kabla hajakizuia, Yusimi anamtazama, yeye anageuza kuwa kikohozi. "Sasa yuko peke yake, na cha mbele ni cha watu wawili, si umpe kile kidogo cha mama yako?" "Kidogo gani? Si nilikuambia hicho nacho nakipangisha tangu mwaka juzi, mmoja wa Wajerumani yumo humo." "Na wewe unalala wapi?" "Pimpampum, ukumbini, karibu na friji. Ikinguruma naamka, ikinyamaza naamka, maana nikisikia kimya najua umeme umekatika." "Bado tu? Na huo mgongo wako?" "Mgongo nimeuzoea, ni kama mume, unalalamika lakini unaamka nao."

Pimpampum. Mwaka juzi. Yaani miaka hiyo yote ambayo Nerida, kwenye chumba chake cha ghorofa ya sita, alilala akiutandika ukumbi ule kichwani mwake na kujilaza kwenye turubai lile, turubai lilikuwa na mtu, ndani ya nyumba yenye vyumba vinne Eloina amelala kama binamu aliyepita njia, ameutoa ule upande wa kitanda cha mbele ulio karibu na dirisha, ametoa cha mama, ametoa vyote kwa wenye viatu vizuri, na yule aliyebaki nyumbani hana nyumbani pa kulala, na mimi, Nerida anawaza, na mimi niliyekuja kuomba kitanda cha ndugu nilikuja kumnyang'anya kile kimoja alichobakiwa nacho. Aibu inapanda, lakini si ile ya kila siku ya kutazama viatu, hii ina joto, inasukuma. Hakuwahi kuuliza, hilo ndilo, alieleza mara tatu kuhusu karatasi na hakuuliza hata mara moja, unalala wapi, Eloina, siku hizi unalala wapi? Yusimi ameuliza, mtu baki.

"Muulize kama anakula nguruwe," simu inasema, "na muulize kama anaogopa giza, umeme ukikatika nimwachie taa ya mafuta mlangoni. Wako watu wazima wanaogopa giza, usicheke." Na Yusimi anamgeukia, anafumba macho kwa kiganja kimoja, anatetemeka kwa maigizo, giza, unaogopa? na anakoroma kama nguruwe, na watalii wawili wanaopita wanatazama, na Nerida, aliyeachiwa taa hiyo mlangoni mpaka akafika miaka kumi na nne, na Eloina ndiye aliyekuwa akiamka kuiwasha, anafungua mdomo, na kinachotoka ni Kispania cha mtaani kwao, chenye kumeza herufi za mwisho.

"Mwambie nataka hicho cha watu wawili."

Yusimi anabaki na kiganja hewani. "Kumbe wewe," anasema, "kumbe muda wote huu..." "Mwambie nakitaka chote, pande zote mbili, na pimpampum aikunje airudishe nyuma ya kabati." Simu iko mkononi mwa Yusimi, katikati yao, ndani yake kunasikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa mahali, halafu hakuna hata hicho, na Nerida anatazama mawe, gurudumu lililoliwa, jua limeusogelea mguu wake na halijaufikia, bado yuko palepale kizingitini, bado hana mahali, na Yusimi anaitikisa simu akidhani mtandao umekufa.

"Yusimi," inasema hatimaye ile sauti ya mama, taratibu, kana kwamba Nerida hasikii lugha, "muulize huyo mgeni wako, bado anapiga mateke usingizini?"

Yusimi anamtazama, anaitazama simu, hajui tena atafsiri kwenda wapi. Nerida anafikiri, anafikiri kweli, kwa maana ni swali la haki na linastahili jibu la kweli, analitafuta katika miaka yote ishirini na miwili, chumba kwa chumba, shuka kwa shuka.

"Mwambie sijui," anasema. "Hakujawa na mtu wa kuniambia."