Kitabu cha Tisa cha Fortunatus

Yuster alicheka peke yake ndani ya duka la steshenari pale Newala, akacheka hadi machozi yakamtoka. Nuria, mwenye duka, hakucheka naye.

Tangu amalize chuo, Yuster alikuwa akizunguka kutafuta vitabu vya kuchekesha ambavyo watu huandika na kujichapishia wenyewe. Aliota kujaza rafu moja katika ukumbi wa kanisa kwao Chiwata, ili wazee na watoto wasome wakicheka pamoja. Leo alikuwa ameangukia hazina: vijitabu vinane vya katuni, vimetolewa kopi na kubanwa pini, na jina la mchoraji limeandikwa kwa mkono: Fortunatus, Mkunya. Kila ukurasa ulikuwa msiba, na katika kila msiba watani wa ukoo, wenye ruhusa ya kimila kuchekesha hata wafiwa, walikuwa wakifanya vituko vyao. Mmoja alivaa koti la marehemu akakagua korosho kwa dharau. Mwingine alilala kaburini, akakataa kutoka hadi apewe kuku.

"Soma tarehe," Nuria alisema.

"Zina nini?"

"Huyo marehemu mwenye koti ni Mzee Yeremia. Kachorwa Machi. Kopi nilitoa mimi mwenyewe, na yeye akaja hapahapa kununua kalamu, mzima kabisa. Juni tukamzika." Akafunua kijitabu kingine, kisha kingine. "Na huyu. Na huyu. Wote, dada. Mimi kopi zake nimeacha. Cha tisa anacho mwenyewe."

Yuster hakuamini mambo hayo. Alipanda bodaboda hadi Mkunya. Ilikuwa Septemba, saa tatu asubuhi, na ukungu ulikuwa bado umeishika mikorosho hadi shinani. Fortunatus, mwanamume wa makamo, alikuwa amekaa barazani na penseli sikioni.

"Shikamoo."

"Ma-marahaba. Ukoo gani?" Alipotajiwa ukoo na kijiji, uso ukamchangamka. "Kumbe mtani wangu! Jamani, fi-ficheni panya wa kitoweo, wa Chiwata wamekuja na njaa."

"Panya wenyewe wamekonda kama mwenye nyumba," Yuster akamjibu.

Fortunatus akacheka, akampa daftari la kitabu cha tisa. Katuni ilikuwa moja tu. Mwanamke amelala mkekani amefunikwa shuka, na mtani aliyevaa joho la kwaya la marehemu anawaongoza waombolezaji kwa mwiko wa ugali: "Mnalia sauti ya ngapi nyie? Rudieni!"

Yuster alicheka. Kisha akauona mkono uliotokeza nje ya shuka, na kovu la moto kwenye kiwiko.

"Huyu ni mama yangu."

Salome, mama yake, ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya Chiwata kwa miaka ishirini.

"Si-sikujua ni wa nani," Fortunatus alisema taratibu. "Huwa nasikia kicheko ndani ya nyumba, mchana, na hakuna mtu. Picha inakuja na kicheko. Ulimi wangu mzito, msibani siwezi kutania kama wenzangu. Ndiyo maana nachora."

"Chana."

"Nilichana ya dada yangu. A-akafa vilevile. Na msibani kwake hakucheka hata mtu mmoja."

Yuster alirudi nyumbani na daftari, akalificha siku mbili. Kila mama yake alipokohoa kwa moshi wa jikoni, yeye alisimama. Siku ya tatu alishindwa, akamwonyesha na kumweleza yote.

Mama aliitazama picha. Halafu akacheka.

"Fundi huyu! Lakini wanitanie nikiwa nimekufa, nifaidi nini? Waite watani Jumamosi. Wafanye yote haya nikiwa nasikia. Picha itakuwa imetimia, basi, kifo kitafute kazi nyingine."

Hakuna aliyewahi kuona utani wa msiba ukifanywa kwa mtu aliye hai, lakini Jumamosi watani walifika. Mama alilala uani, akafunikwa shuka. Joho likavaliwa, mwiko ukainuliwa, watu wakaanguka kwa kicheko. Fortunatus, aliyekuja nao, alikaa pembeni akilinganisha na daftari, mstari kwa mstari, hadi akainua mkono.

"Ta-tayari. Sawasawa na picha."

Kicheko kikakatika.

"Mama, amka," Yuster alisema.

Shuka halikutikisika.

"Mama Yuster!" mtani mmoja aliita. "Acha utani, utani ni wetu!" Alicheka kidogo, akanyamaza. Kuku walipita mkekani. Yuster alipiga magoti. Alishika pindo la shuka.

Ndipo shuka likasogea, na mama akaketi.

"Mbona mmenyamaza? Na nani anaunguza maharage?"

Vigelegele vilipasuka uani kote. Fortunatus alilia kama mtoto. Yuster alimshika mama yake mkono amwinue, akaukuta wa baridi, baridi ya chumba kilichofungwa miaka mingi. Chini ya kucha zote kumi kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi kama wa kaburi jipya, ilhali ua mzima ulikuwa vumbi la kiangazi.

Alikamata ncha ya kanga yake akaanza kuufuta kabla watu hawajauona, kidole kimoja kimoja. Mama alimtazama akifuta, wala hakumuuliza anafuta nini.