Hezron wa Kwenye Kadi

Dina anasema aliwaona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa na mtu. Alikuwa amempeleka mjukuu wake zahanati kuchanjwa, akakaa benchi la nyuma. Mbele yake, kwenye benchi la wajawazito, alikaa Tusekile, mke wa Hezron dereva, na ubavuni kwake mwanamume mwenye pengo la meno ya mbele. Mwanamume huyo, anasema Dina, alikuwa amepakata mkoba wa Tusekile kama mtu aliyeuzoea. Nesi alipotoka na kuita, "Hezron na mkewe!", aliyeinuka ni yule mwenye pengo.

"Na Hezron mwenyewe siku hiyo yuko Kongo na lori!" humalizia Dina, akipiga kiganja juu ya kiganja. "Awe!" Neno hilo amelizoa ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, anakonunulia vitenge. Kwa Wabemba ni hapana, lakini Dina hulitumia hata kwa mambo anayotaka yaaminiwe.

Aliposimulia mara ya kwanza, ilikuwa mkoba tu. Mara ya pili, penye bomba la maji, mwanamume alikuwa akimpepea Tusekile kwa kadi ya kliniki. Ilipofika Jumapili baada ya ibada, alikuwa amemshika tumbo, na mtoto akacheza.

Tusekile alizisikia zote tatu. Chumba chake na cha Dina vinatenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati. Ya kupepewa na ya kushikwa tumbo angeyaacha yapite. Tabu ni kwamba mkoba ulipakatwa kweli, na jina la Hezron liliitwa kweli, na aliyeinuka hakuwa Hezron.

Ilikuwa hivi. Mimba ilipofika mwezi wa nne, Tusekile alikwenda zahanati kuandikishwa. Pale mahudhurio ya kwanza wanataka mama aje na mwenza wake, wapimwe wote wawili virusi vya ukimwi. Aliyekuja peke yake anarudishwa kwa mwenyekiti wa mtaa akalete barua. Tusekile alimfuata mwenyekiti mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amekwenda kuzika kijijini Ruanda, mara ya pili alikuwa kwenye kikao. Mara ya tatu, Kefa wa bodaboda ndiye aliyembeba, akamwona anavyofuta jasho, akasimamisha pikipiki.

"Dada, unahangaikia nini? Mume si anaazimwa tu?"

"Anaazimwa wapi?"

"Kwangu. Wenzako wote wananichukua mimi. Nakaa, natoa kidole, narudi kijiweni. Na wenye waume wanahudumiwa kwanza, hutakaa foleni."

"Nitakulipa nini?"

"Parachichi za kwenu Itumba zikishuka, unikumbuke."

Tusekile ni mtu wa kutazama kabla ya kusema. Amekulia milima ya Ileje, ambako asubuhi unangoja ukungu uondoke ndipo ujue ng'ombe uliyemwona ni wako au wa jirani. Lakini siku ile miguu ilikuwa imevimba, na jambo lenyewe aliliona dogo, kama kuazima kinu. Wakaingia. Vidole vikatobolewa. Majibu yakatoka: mama hana, baba hana. Kwenye kadi, penye mstari wa mwenza, nesi akaandika: amepima, hana maambukizi.

Hezron aliporudi baada ya wiki tatu, aliikuta kadi juu ya kabati. Tusekile alikuwa anapepeta mchele, akajua sasa swali linakuja. Swali halikuja. Hezron aliisoma, akaisoma tena, akacheka mpaka akakaa kitandani.

"Kumbe wanampima mmoja wanaandika wawili! Si nilikwambia, Tuse? Damu ya mke na mume ni moja. Wewe ukiwa mzima, na mimi mzima." Akatoa simu, akaipiga kadi picha.

Tusekile alifumbua mdomo. Lakini mwanamume alikuwa na furaha, alikuwa amemletea viatu vya mtoto kutoka Kongo, vidogo kama maharage, na alikuwa na siku mbili tu za kulala nyumbani. Akaurudisha uso kwenye ungo. Nitamwambia safari ijayo, akajisemea.

Safari iliyofuata Hezron alirudi na kichekesho, akakisimulia wakila. Kwenye maegesho ya mpakani, ambako malori hungoja karatasi siku tatu, nne, watu wa afya wamesimamisha hema. Wanapita lori hadi lori.

"Wakanigongea mlango. 'Kaka, shuka tukupime, dakika chache tu.' Nikawaonyesha simu. Wakaisoma kadi, wakanipa mkono. 'Hongera, kaka, wanaume wachache wanawapeleka mama kliniki.' Wakaenda lori la nyuma, kwa mwenzangu Watson."

"Watson akapima?"

"Watson? Kajifunika blanketi, kajifanya amelala! Yeye hana kadi kama yangu."

"Na kondomu hawakukupa?"

"Nikawaambia wampe Watson." Hezron akacheka. Kisha, kabla kicheko hakijaisha, akageuza macho akatazama mlango, kama kuna mtu amebisha.

Hapakuwa na mtu. Tusekile aliliona lile jicho lilivyokimbia, na tonge akalirudisha sahanini. Kadi aliyoitafuta ili akwepe foleni ilikuwa sasa inamfungia mumewe mlango wa lori. Watu wanabisha, na karatasi inawajibu kwamba mwenyewe ni mzima.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, Hezron akiwa safarini, Tusekile alikwenda zahanati peke yake. Wakampima tena, akakutwa hana. Alikaa mpaka benchi likabaki tupu, ndipo akaingia kwa nesi, Sista Rozi, akafunga mlango, akasema yote kwa pumzi moja.

Sista Rozi alivua miwani. "Huyo Hezron wako, ana pengo hapa mbele?"

"Ndiyo, sista."

"Kwa mama mwingine aliitwa Yonathani. Mimi najiuliza, sura hii nimeiona wapi! Mama, kwenye daftari langu kijana yule ana wake wanne, na wote wajawazito."

Walicheka wote wawili. Kisha nesi akaacha kucheka, akaligeuza daftari kifudifudi.

"Kosa si lako peke yako. Tumewabana kinamama mlete waume, mkaleta waume. Hatukusema wawe wenu." Akavuta kiti karibu. "Sasa nisikilize. Leo uko salama. Lakini mama akipata maambukizi akiwa na mimba, au akinyonyesha, wakati huo ndio virusi vinakuwa vingi mno mwilini, na mtoto yuko karibu naye kuliko mtu yeyote. Mumeo akipima akakutwa hana, tunashukuru na tunajikinga. Akikutwa nayo, dawa zipo. Akizimeza vizuri mpaka virusi vishuke visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mkewe. Na wewe, wakati tunangoja vishuke, kondomu zipo, na dawa za kukukinga zipo. Kwa kila jibu tuna la kufanya. Asiyepima ndiye hatuna la kumfanyia."

"Hataki kuja, sista. Anasema ameshapimwa. Ana picha."

"Picha ya mwenye pengo."

Sista Rozi alichukua kalamu. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno ya zamani, na pembeni akaandika: mwenza hajapima. Akatia saini. Kisha akafungua kabati, akatoa viboksi viwili.

"Hiki ni cha kujipima mwenyewe nyumbani, hakuna sindano. Kijiti hiki unakipitisha juu ya ufizi, mara moja juu, mara moja chini. Unakisimamisha kwenye kichupa chake, unangoja dakika ishirini. Mstari mmoja, hana. Miwili, mnakuja kwangu tuhakikishe, asijihukumu mwenyewe. Ila nusu saa kabla asile, asinywe kitu. Na usimlazimishe, mama. Ukiona nyumba inawaka moto, uache, uje uniambie."

"Mbona viwili?"

"Mtu hapendi kutoa ufizi peke yake."

Jioni ile Dina alimkuta Tusekile akianua nguo. Alisimama upande wa pili wa kamba, akijifanya anakagua soksi.

"Mwanangu, Hezron anaingia kesho alfajiri, nimesikia kwa mke wa Watson."

"Ndiyo, mama."

"Mimi mdomo wangu, safari zilizopita nimeubana, safari hii siuwezi. Nakwambia mapema. Akinisalimia tu, nitakuwa nimeshasema."

Tusekile akashusha shuka, wakaonana uso kwa uso. Akamwambia: mume wa kuazima, kadi, picha, hema la mpakani. Alitazamia Dina apige kiganja. Dina hakupiga. Alishika kamba kwa mkono mmoja.

"Marehemu mzee wangu alikuwa akinituma mimi," alisema. "'Nenda kapime, mama Amoni, uje unipe majibu yetu.' Majibu yetu! Nami nilikuwa naenda, narudi, namwambia tuko wazima."

"Yeye hakwenda?"

"Hakwenda." Dina akaikunja soksi ambayo haikuwa yake, akaiweka begani kwa Tusekile. "Mwambie asubuhi, kabla hajala. Mwanamume akishiba hasikii."

Hezron aliingia kukicha. Alioga, akalala kwa saa mbili, akaamka akaketi mezani kwenye kiti chake cha siku zote, jua likiingia mlangoni mpaka miguuni pake. Na Tusekile, kwa mazoea ya mikono, akamimina kahawa. Ni ile ya kutoka kijijini Iyula, ambayo mama mkwe huikaanga na kuitwanga mwenyewe, na Hezron hunywa kikombe hicho kabla hajasema neno. Kikombe kilipogusa meza ndipo akakumbuka: asile, asinywe.

Akaweka kadi mbele yake haraka. Hezron alishika kikombe kwa mkono mmoja na kadi kwa mwingine.

"Nini hiki? Nani kanifuta?"

"Sista. Nilimwambia mimi." Tusekile hakukaa. "Aliyepimwa siku ile ni Kefa. Nilimwazima awe wewe, kwa sababu ulikuwa mbali, na barua niliikosa. Damu iliyoandikwa hapo ni ya Kefa. Yako haijaguswa na mtu."

Hezron aliigeuza kadi nyuma, akairudisha mbele. Ufagio wa Dina ulikuwa unasikika uani, ukifagia mahali pamoja tu.

"Umemkalisha Kefa kwenye kiti changu."

"Nimemkalisha. Nisamehe."

"Akajibu jina langu."

"Alilijibu."

"Na wale wa hema wakanipa hongera."

"Ilikuwa ya Kefa."

Kicheko kilimfika Hezron puani, kikarudi. Alisoma tena yale maneno ya pembeni, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akatazama mlango, vile vile alivyoutazama siku ile ya hadithi ya Watson, na safari hii macho hayakurudi upesi.

"Tuse," alisema akiutazama mlango, "barabara ile wewe huijui. Unakaa pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, siku tisa, mvua, njaa, lori haliendi mbele wala nyuma..."

"Sikuulizi barabara," alisema Tusekile. Sauti ilitetemeka, akaishika kama mtu anavyoshika mbuzi kwa kamba. "Nilipokupenda ulikuwa dereva, na safari nilizikuta. Ulipolala hukuniambia, na leo siulizi. Namwogopea huyu." Akaweka kiganja tumboni. "Huyu hana pa kukimbilia. Kilichomo ndani yangu ndicho chakula chake, na akitoka atakinyonya kifuani."

Akaweka viboksi viwili mezani, kimoja upande wake, kimoja upande wa mumewe. Akavuta stuli, akakaa.

"Kijiti tu, juu ya ufizi. Na mimi nitajipima pamoja na wewe. Tunangoja dakika ishirini hapa hapa, mlango wazi au umefungwa, utakavyo. Likitoka lolote, sista amesema kuna la kufanya, na nitakwenda nawe kwa miguu yangu hii iliyovimba. Ila hiyo kahawa usiinywe kwanza. Ukiinywa, kipimo hakifai kwa sasa, na najua mchana utasema umechoka, na kesho una safari."

Hezron alikuwa amekiinua kikombe. Mvuke ulimpanda kidevuni, ukaingia kwenye ndevu. Alikitazama, kisha akakitazama kiboksi, kisha viatu vidogo vya Kongo vilivyoning'inia kwenye msumari ukutani.

Uani ufagio ulikuwa umenyamaza.

"Baba Gwalugano," Tusekile alimwita, kwa jina walilolichagua la babu yake wa Itumba, ambalo bado hapakuwa na mtoto wa kuliitikia. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Kiweke chini kikombe. Nakuomba."

Kikombe kilibaki pale pale, katikati ya meza na mdomo.