Vidonge vya Mzee Salvatori

Mzee Salvatori hajawahi kusoma hata maandishi ya kopo la dawa ya mahindi, lakini wodini pale mjini Mpanda aliingia utadhani ndiye mganga mkuu. Alitoka Kibaoni kuja kumwona mwanawe Bartolomeo, aliyedondoka kutoka juu ya lori la mpunga akaangukia mgongo.

Specioza, mke wa Bartolomeo, alimsikia akikohoa mlangoni, akainuka akatoka. Kwao mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hamjibu. Akasimama barazani karibu na dirisha, kanga kaifunga vizuri, na moyoni anamdharau. Lizee gani hili, linajua kila kitu!

Yeye Specioza, daktari alishamweleza. Uti wa mgongo haukukatika, umevimba. Ukikosa damu ya kutosha siku hizi za mwanzo utakufa, na miguu nayo ndiyo basi tena. Kwa hiyo wanaishikilia presha ya mgonjwa juu, makusudi kabisa, kwa dawa ya dripu. Isishuke hata kidogo. Na jana kidole gumba cha mguu wa kulia kilianza kucheza. Specioza alikililia kidole kile kuliko alivyolia siku ya ndoa yake.

"Mia na hamsini!" mzee alifoka, macho kwenye mashine. "Sasa hii si presha hii? Hawa watoto wa hospitali watakuua hapa, wamekaa tu!"

Akatoa mfukoni vidonge vyake mwenyewe vya kushusha presha, alivyopewa zahanati. Vinamsaidia yeye, basi eti vitamfaa kila mtu.

"Meza, mwanangu."

Na Bartolomeo, mwanaume mzima na ndevu zake, akaachama.

Specioza aliona. Neno moja tu lingetosha. Lakini mawifi wangesemaje? Kibaoni nzima ingejua kamfokea mkwe. Akageuka, akaenda kumtafuta muuguzi, tena kwa mwendo wa taratibu, asionekane anakimbia mbele ya mkwe. Muuguzi alikuwa wodi ya pili. Waliporudi, vidonge viwili vilishamezwa.

Saa tisa mchana presha ilisoma themanini. Wakaongeza dripu, wakahangaika mpaka jioni, presha ikapanda. Kidole hakikucheza tena, siku ile wala kesho yake.

Daktari alimkuta mzee barazani, hana hata wasiwasi.

"Mzee, nani alikuambia umpe dawa?"

"Nani aniambie? Si mwanangu? Hata mke wake alikuwa hapo dirishani, akaniona, na hakusema kitu."

Kwa mara ya kwanza tangu aje, mzee akamgeukia Specioza, aliyesimama mbali kidogo, akatabasamu.

"Huyu mkwe wangu, daktari, ana adabu sana."