Matusi ya Bi Élida

Kwa miaka tisa Heber Sarasola alicheza winga ya kushoto, na kwa miaka tisa Bi Élida alimtukana. Uwanja wa Saladero, pale Montevideo, ni mdogo. Winga anapita karibu na senyenge hata anasikia watu wakitafuna karanga. Bi Élida, aliyeshona jezi za klabu, alikuwa na mahali pake hapo.

"Heber! Miguu hiyo umeiazima kwa nani? Kimbia, gogo wee!"

Naye Heber alikimbia haswa. Mabeki walimjua kwa kisogo tu.

Kisha klabu moja ya Meksiko ikamwita, akaenda, akakaa miaka thelathini. Huko walimshangilia kwa nyimbo na adabu. Hakuna aliyejua kumtukana.

Jumapili hii, na miaka yake sitini na mbili na goti bovu, alikuwa amerudi kucheza mechi ya wazee wa klabu. Tangu uwanja wa ndege alikuwa na hamu moja tu: ile sauti.

Bi Élida alikuwepo, anafyonza kwa mrija yerba yake, ile chai chungu ya majani. Heber akapoteza mpira wa kwanza. Kimya. Akapoteza wa pili, kizembe kabisa, nusura aanguke. Bi Élida akapiga makofi.

Makofi! Saladero makofi hupigiwa timu ngeni. Heber aliumia kuliko alivyowahi kuumizwa na beki yeyote. Akaisogelea senyenge, mchezo ukiendelea.

"Bi Élida, ndo nini kunipigia makofi?"

"Karibu, bwana. Safari ilikuwa njema?"

"Ni mimi, Heber!"

"Nakujua. Mgeni hatukanwi." Akafyonza tena. "Ulipoondoka tulishuka daraja. Msimu mzima nimesimama hapa natukana upande mtupu, watu wanasema nimerukwa na akili. Hata barua, Heber? Hata kadi ya Krismasi?"

Heber alikuwa akingoja apate la kujisifia ndipo aandike, na miaka ikamponyoka.

Akainua mkono, akatoka. Kwenye nafasi yake akaingia Ariosto, muuza nyama, kitambi mbele. Heber akazunguka senyenge, akasimama kando ya Bi Élida. Bibi hakumtazama, ila alisogea kidogo.

Ariosto akajikwaa, mpira ukatoka nje.

"Aa, Ariosto," Heber akasema kwa upole, "jitahidi, ndugu yangu."

Bi Élida akampiga kiwiko cha mbavu.

"Kwa sauti! Na mtukane vizuri. Yule ni wetu."