Eda Ndani ya Maji

Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu, na mama bado amekaa kitandani na tasbihi yake kama mtu anayengoja chai. Ilikuwa alasiri, lakini mawingu yalikuwa yamefunika milima yote na ndani ya nyumba hatukuonana vizuri. Mbabula, jiko letu la mkaa, tulikuwa tumeiweka juu ya meza ili mkaa usilowe. Ulishalowa. Baridi ilikuwa imeniingia hadi kwenye meno.

"Mama, tutoke," nilisema.

"Niko mu eda, Sumaya."

Baba, Abdoul-Karim, aliyekuwa akiuza vitambaa vya vikwembe hapa Mulongwe, alikufa mwanzoni mwa mwaka. Sheria tunaijua wote: mjane hukaa ndani mpaka eda iishe, ila kwa dharura. Hiyo "ila" ndiyo iliyomponza mama. Siku za mwanzo alitoka mara moja kutafuta unga, kwa sababu hakuna aliyetuletea, na baba mdogo Chabani akaja kumsema mbele ya majirani, kwamba anatembeza kifo cha ndugu yake sokoni. Mama alilia kuliko siku ya maziko. Akaapa hatavuka tena kizingiti mpaka wanawake wa ukoo waje kumwogesha na kumtoa, kama desturi. Na mama akiapa, ni rahisi zaidi kumhamisha kiboko ziwani.

Ilikuwa imebaki kidogo tu eda iishe. Nilimvuta mkono, akashika mguu wa kitanda. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na baba mdogo, ambaye nyumba yake iko juu, pakavu.

Ukuta wa jikoni ulianguka bila kelele kubwa. Matofali ya udongo yakilowa hulegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Ndipo Josée akaingia. Ni jirani yetu wa ua mmoja, Mkatoliki, mzaliwa wa Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, naye mjane. Alikuwa amewapeleka watoto wake kwa dada yake huko Kilibula, akarudi. Alimtazama mama, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama Sumaya, unabakia?"

"Nabakia."

"Basi na minye nabakia."

Akapandisha kikwembe chake, akaketi kitandani kando yake. Sufuria zetu zilikuwa zinaelea kuelekea mlangoni.

"Uko na watoto, Josée."

"Niko nao. Wako Kilibula, wanalia."

Mama akaifunga tasbihi kwenye ncha ya mtandio wake mweupe, akasimama.

"Twende. Weye hautakufa sababu ya minye."

Tulivuka ua maji yakiwa kiunoni, tumeshikana. Nilisikia nyumba ikishuka nyuma yetu. Mama hakugeuka.

Kesho yake baba mdogo alifika Kilibula, viatu vyake safi. Alimkuta mama jikoni kwa dada wa Josée, nyuma ya turubai tulilomtundikia ili aendelee kukaa eda.

"Shemeji, ulitoka. Eda imekatika. Na sasa unalala kwa watu si wa ukoo. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

Nilimwuliza yeye mzaliwa alikuwa wapi jana. Mama ndiye aliyenigombeza. Baadaye shehe alituma neno kwamba dharura ni dharura na eda yake ni salama. Mama alimshukuru shehe, lakini aliyemwamini ni shemeji yake. Hilo liliniuma kuliko nyumba.

Siku eda ilipoisha, tuliwangoja wanawake wa ukoo tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha tena, ile nyembamba isiyokata. Hakuja hata mmoja. Adhuhuri ikapita, Josée akapasha maji, akaniita.

"Nionyeshe vile munafanyaka."

Nikamwonyesha. Alimwogesha mama polepole, kichwa, mabega, mgongo, rozari yake ikining'inia shingoni. Nikamvisha kikwembe kipya. Nililia na sikujificha.

"Imeisha," Josée akasema, akakunja turubai. "Sasa unaweza kutoka."

Mama aliutazama mlango, na mvua nje.

"Nitoke, niende fasi gani?"

Josée alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akaweka ungo kati yao, wakaanza kuchagua mchele.